Kuelewa Ni Programu ya Mwaka wa Tatu

Katika chuo chetu pale Kamina, Kiarabu cha mwaka wa pili kilikuwa na sheria moja: kusoma kwa sauti. Mwalimu wetu, mtu wa tai nyekundu na subira fupi, hakutaka kusikia swali la maana. Siku moja niliuliza neno fulani linasema nini. Alinitazama kama niliyemuuliza mshahara wake.

"Weye uko wa deuxième," alisema. "Kuelewa iko programme ya troisième. Soma! Sauti!"

Basi tukasoma. Tulikariri syllabus nzima, kijitabu cha masomo cha mwalimu, na zile herufi za kooni tulizitoa kwa bidii hata mlinzi wa lango akadhani kuna mgonjwa. Maana tulimwachia Mungu. Wavivu zaidi walisema Kiarabu ni rahisi, kwa kuwa kimeiba maneno yetu: kitabu, saa, habari.

Mimi, nisiwe mnafiki, nilijivuna kuliko wote. Baba yangu, karani na Mmethodisti wa kufa na kuzikana, aliniita sebuleni kila walipofika wageni wa kanisa. Nilisimama wima nikasoma ukurasa wa saba. Wageni walifumba macho wakaitikia Amina. Baadaye sana nilikuja kugundua kwamba ukurasa ule ni wa mtu anayenunua nyanya.

Mbele ya ukumbi wetu wa masomo, mke wa mwanajeshi mmoja wa base, kambi ya jeshi, aliuza chai na mikate ya kukaanga. Kwao ni kaskazini kabisa, mpakani, na Kiarabu cha sokoni alikijua tangu utoto. Shule tu ndiyo hakuiona, herufi hakuzijua. Mwalimu alisema kile chake si Kiarabu, ni kelele, kwa sababu hakina syllabus, nasi tukacheka. Lakini habari zake tulizijua sote. Mama yake alikuwa mgonjwa huko ng'ambo ya mpaka, na kila asubuhi sauti ya kaka yake ilitoka kwenye simu katikati ya vikombe. Akishaisikiliza alitutafsiria: leo mama amekunywa uji, leo ameukataa.

Asubuhi moja sauti haikuja. Aliniita, akaninyooshea simu.

"Papa, kuya-ko hapa. Ndugu yangu anatumaka sauti kila siku. Leo ameandika. Juu ya nini ameandika?"

Mwenye akili angejiuliza swali hilohilo: kwa nini leo kaandika? Mimi niliona hadhira. Wenzangu walikuwa wamepanga foleni ya chai, nikakohoa, nikanyoosha kola, nikaanza. Ujumbe haukuwa na alama za irabu, kwa hiyo nilizitia nilivyopenda. Katikati yule mama alinishika mkono.

"Rudilia pale."

Nikadhani amependa sauti yangu. Nikarudia kwa nguvu zaidi, nikilivuta lile neno, maatat, kama tulivyofundishwa. Mwenzangu mmoja akapiga makofi. Nilipomaliza nilimuuliza huku natabasamu:

"Sasa mama, inasema nini?"

Alichukua maji ya chai akayamwagia makaa, jiko likafuka moshi, na foleni ikaanza kunung'unika.

"Mama yangu alikufa," alisema. "Weye umesoma muzuri, mutoto yangu."

Niliona haya, na haya hiyo haijaniisha hadi leo. Alikusanya vikombe vyake peke yake, kwa maana sisi wasomi tulikuwa tumesimama tu, mikono mitupu.

Kwenye mtihani nilipata distinction. Mwalimu alisema sauti yangu ina hisia.

Mwaka wa tatu, somo la kwanza kabisa, alitutangazia kwamba sasa tumeruhusiwa kuelewa. Kila mmoja ataje neno moja la Kiarabu analolijua, pamoja na maana yake. Wenzangu walitaja kitabu, saa, habari. Zamu yangu ilipofika nilisimama.

"Maatat," nilisema. "Amekufa. Husemwa kwa mwanamke."

Mwalimu alishtuka, kwa kuwa hakuwa ametufundisha neno hilo.

"Iko mu page gani?" aliuliza, akaanza kufunua syllabus.