Karabai ya Arusi kwenye Ngazi za Shule

Nimewaonea wivu watu wengi maishani, lakini wa kwanza kuninyima usingizi alikuwa mchukuzi wa bandari ya Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na kosa lake lilikuwa kubeba kandili.

Nilikuwa nimetoka kwetu Moroni, kisiwa cha Ngazidja, kumsaidia ami yangu dukani. Zama zile visiwani mwetu mamluki wa kizungu ndio walioshika bunduki, na mtu kabla ya kulalamika alitazama kwanza nyuma yake. Baada ya sala ya magharibi nilisoma darasa la watu wazima. Mbele yangu alikaa mshonaji wa kofia, amejifunika shiromani, nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Nzwani. Kisogo chake nilikisoma kuliko kitabu chochote, na cheti nikapata vilevile. Mungu mkubwa.

Kutoka darasani hadi kichochoroni palikuwa na ngazi za mawe, giza totoro. Hapo mwanafunzi mwenzetu mmoja alizoea kuwavizia wanawake. Aliwashika mikono, akawavuta nguo, akawaambia maneno ambayo kalamu yangu haiyataki. Kaka yake alikuwa dereva wa mamluki, basi mwalimu akawa kipofu kila kipindi kikiisha. Wanawake wawili wakaacha masomo. Mshonaji alibaki, ila mjomba wake aliyemlea alikwisha kumwambia, "Siku nitakayosikia jina lako mtaani, kalamu utaiweka chini."

Wanawake wakaamua lao. Hakuna kushuka peke yake. Walishuka kwa mstari, na mbele yao yule mchukuzi, naye akisoma nasi, na kandili yake.

Yeye! Mtu mwenye mabega kama mlango wa msikiti, aliyeandika jina lake kwa herufi za kupigana zenyewe kwa zenyewe! Kila jioni mshonaji alimfuata nyuma, akicheka. Alimwambia nini cha kuchekesha hivyo? Mimi Moroni nzima nilikuwa nikiichekesha, hata mbuzi wa Ikoni walinijua. Na kofia aliyokuwa akiitoboatoboa ile mishono ya nyota, ilikuwa ya kichwa gani? Nilipima kwa macho, nikaona kichwa cha mchukuzi. Wali ukanikwama kooni siku saba. Naam, nilikula sahani mbili tu kila mlo.

Nikasema, kama ni taa, nitaleta taa. Dukani ami alikuwa na karabai ya kukodisha. Jioni moja niliipiga pampu, ikavuma kama ndege inayotua, nikasimama mlangoni mwa darasa.

"Leo nawapeleka mimi," nikasema.

"Wewe Mngazidja," mshonaji akaniambia, "hiyo taa umeitoa wapi?"

"Usijali taa. Fuata nuru."

Alitaka kusema neno, lakini wenzake walikwisha kuanza kushuka. Nikatangulia, kifua mbele. Karabai iliwaka hadi majogoo wa mtaa wa Hombo wakawika, na viziwi wakauliza kuna nini. Tulipopita kichochoro cha kwanza dirisha likafunguka. La pili, bibi mmoja, koko kama wanavyowaita huko, akatoa kichwa.

"Bwana harusi ndiye huyo? Mbona hana joho?"

"Anatoka Ngazidja, koko," jirani akamjibu. "Labda kwao hawavai!"

Vigelegele vikapasuka. Kumbe karabai ile mji mzima uliijua: haikutoka dukani ila kumtangulia bwana harusi anapopelekwa nyumbani kwa mkewe. Na mimi nilikuwa naelekea nayo moja kwa moja mlangoni kwa mshonaji. Nilijaribu kuizima, ikanichoma kidole. Mshonaji alijifunika uso wote. Hakuwa akicheka.

Mjomba alikuwa kasimama mlangoni.

"Nani kakutuma?"

"Nawasindikiza, mjomba. Kama yule mchukuzi."

"Yule na huyu wamenyonya ziwa moja. Mama yake ndiye aliyemnyonyesha mwanangu huyu. Ni kaka yake, hawezi kumuoa hata dunia ikipinduka. Wewe umenyonya wapi?"

"Moroni," nikasema, maana ndiyo kweli.

Mchukuzi, aliyetufuata nyuma na kandili yake, akacheka hadi ikatikisika. Nilifurahi na kuaibika kwa pumzi moja. Lakini mjomba alimgeukia mshonaji. "Kalamu chini. Nimesikia jina lako, na limekuja na vigelegele."

Hapo ndipo alipojifunua uso. "Sawa, mjomba. Wawili wamekwisha kaa nyumbani, mimi wa tatu. Yule anayetushika ngazini ndiye atakayesoma. Kesho atapata cheti, awe mwalimu wa binti yako."

Mzee aliitazama karabai ikivuma. Mwishowe akaniashiria kwa bakora. "Hiyo taa. Kesho ilete ngazini."

Kesho yake mjomba alikuja na wazee wawili, wakakaa juu ya ngazi na kahawa yao, karabai imetundikwa kwenye msumari. Hakuna sheria, hata ya mamluki, inayowakataza wazee kunywa kahawa. Yule mviziaji alipotoka akakuta kila jiwe linang'aa.

"Pita, mwanangu," mjomba akamwambia kwa upole. "Tunataka tu kukujua. Wewe ni wa nyumba gani? Mama yako hajambo?"

Alishuka ameshikilia ukuta. Jioni iliyofuata wazee walikuwapo tena, na iliyofuata, wakimuulizia mama yake. Mwezi haukuisha, wale wanawake wawili wakarudi darasani.

Na mimi? Nilifanywa mpiga pampu. Kila jioni karabai ikififia wazee waliniita, nami nikapiga pampu, huku mshonaji akishuka na mchukuzi, wakicheka kindugu. Kindugu! Mtu anaweza kujua haramu na halali zote, na moyo usijue.

Jioni moja mshonaji alisimama mbele yangu. "Ahsante, Mngazidja. Sasa naona ngazi zote."

Alikuwa akiitazama karabai, si mimi. Kwa hiyo nikaanza kuionea wivu taa.