Safari ya Ngara Kumtazama Devota Akikimbia

Sikwenda Ngara kwa kupenda michezo. Nilikwenda kwa sababu kaka yangu mdogo Deogratias alinipigia simu akasema, "Dada, njoo tumtazame mtoto," nikajua hapo kuna jambo. Mtoto mwenyewe ni binti yake, Devota. Walikuwa hawajazungumza tangu alipokataa utawa akaenda kambi ya riadha Arusha. Siku aliyotoroka alipitia kwangu Nyakahura, akamaliza viazi vyangu vyote, na asubuhi nikampandisha basi. Sasa alikuwa amefika fainali ya mita elfu tano katika mashindano ya dunia, na baba yake alikuwa akiwatangazia majirani kwamba mbio ni za ukoo.

Asubuhi, Nyakahura, nilipewa lifti kwenye lori la saruji lililokuwa likielekea Rwanda. Dereva alipoona kitenge changu kipya akauliza, "Mama, unakwenda msibani?"

"Nakwenda kwenye mbio."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Unakimbia?"

"Nikikimbia mimi, waamuzi watalala uwanjani."

Mchana aliniteremsha Benaco, naye akanyoosha kuelekea mpakani. Mimi nikapanda gari dogo la kwenda Ngara mjini, nikitazama migomba ikishuka mabondeni na kuomba breki zile ziwe na imani.

Alasiri nilimkuta kaka amevaa shati la Krismasi. Sebule ilishajaa majirani mbele ya televisheni, na katekista alikuwa amepewa kiti cha mbele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeshampigia mwanao?"

"Akileta medali nitampigia."

"Na asipoleta?"

"Medali ipo."

"Deo, unataka kuzungumza na mwanao au na medali?"

Akatoka nje kwenda kunyoosha waya wa dishi, ambao haukuwa na kosa lolote.

Jioni mbio zikaanza, baada ya katekista kusali sala ndefu kiasi cha kutukosesha utambulisho wa wakimbiaji. Devota alionekana mwembamba, sare ya taifa ikimpwaya. Mama yake, wifi yangu Skola, alijifunika kitenge usoni akawa anauliza tu, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, Devota akiwa wa tatu. Akasogea kumpita wa pili. Miguu yao ikanasana, wote wawili wakaenda chini.

Katekista akatamka neno ambalo halimo katika katekisimu.

Msichana aliyeshinda aliketi katikati ya njia akilia, akashindwa hata kusimama kupokea bendera yake. Nikampigia makofi. Majirani wakanitazama kama msaliti. Lakini alikimbia vizuri, ningefanyaje?

Devota aliinuka, goti likivuja damu, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Wote ambao hawakuanguka walikuwa wameshamaliza. Akavuka mstari, kisha akageuka kumsubiri yule aliyeanguka naye, aliyekuwa akichechemea wa mwisho, akamkumbatia.

"Oneni moyo wa mtoto wangu," kaka akasema. "Anamkumbatia aliyemwangusha." Halafu akamlaani yule msichana, kocha wake na nchi yake nzima.

Chakula kilikuwa kinapakuliwa simu yangu ilipoita. Devota hunipigia kila baada ya mbio. Nilimsikia akilia, nikafungua spika, nikaiweka simu mkononi mwa kaka bila kumweleza kitu.

"Shangazi, shikamoo," sauti ikasema, na sote tukaisikia.

"Siyo shangazi."

Wifi Skola akabaki ameshika mwiko hewani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Goti linauma?"

"Linauma."

"Yule aliyekuangusha ni wa nchi gani?"

Devota akavuta kamasi. "Baba, mimi ndiye niliyemkanyaga."

Kaka alitutazama sote, mmoja mmoja. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea ukuta, na baada ya kitambo niligundua kwamba hacheki tena.

"Umemwomba radhi?" akauliza.

"Nimemwomba."

"Amesemaje?"

"Sijui, alisema kwa lugha yao. Tukalia tu pamoja."

Kaka akatoka uani na simu yangu. Sisi tukala. Chake kikapoa mezani.

Kesho yake, Benaco, nilikuwa nasubiri gari la kunirudisha Nyakahura. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakibishana kwamba yule binti wa Ngara ametia aibu, wa pili kutoka mwisho. Nikawaomba wakimbie mzunguko mmoja kuizunguka stendi, nami nitawasubiri na maji. Wakakumbuka kwamba wana abiria.

Katika safari hii nimejifunza kwamba mtu anaweza kusubiri medali miaka mingi, kumbe alichohitaji ni goti la kuulizia hali. Nilikuwa bado nalifikiria hilo kaka aliponipigia, akinong'ona kama yuko kanisani.

"Dada, huko aliko mtoto sasa ni saa ngapi? Nisije nikamwamsha."

Sikujua. Nikamwambia apige tu, akimwamsha ataambiwa ni saa ngapi.