Kisukuma Nilichotumwa Kusikiliza

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, kikaachiwa maziwa yagande, mpaka leo inanifanya nigeuke nyuma kuona nani ananitazama. Niliizoea nikiwa na miaka kumi na moja, kwetu Malolo, mwaka ambao ng'ombe waliingia shambani mwetu wakala mahindi ambayo tulikuwa hatujavuna. Walimaliza karibu nusu ya shamba, na sisi tulikuwa watu saba tunaokula kutoka hapo. Ng'ombe walikuwa wa Baba Kulwa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia ng'ambo ya mfereji miaka michache kabla. Yeye alisema aliruhusiwa kulisha mabua, kama wakulima wa kwetu wanavyowaruhusu wafugaji baada ya mavuno. Alipoulizwa nani alimruhusu, akainamisha kichwa na kusema kitu kwa mkewe kwa Kisukuma. Hapo baba yangu, mtu asiyeamini hata kivuli chake, akapandwa na hasira. Kesi ikapangwa kusikilizwa kwenye mkutano wa kitongoji, lakini mwenyekiti aliumwa, na mkutano ukaahirishwa mara mbili.

Baba akatumia nafasi hiyo. Alitaka mmoja wetu ajue Kisukuma kabla ya mkutano, ili tusiendelee kusengenywa mbele ya macho yetu. Mimi ndiye niliyekuwa na masikio mepesi. Kividunda, lugha ya bibi, nilikidaka bila kufundishwa. Swali lilikuwa nijifunze vipi. Baba mdogo, mdogo wake baba aliyerithi naye shamba lile wakagawana kwa mstari wa mikonge, akapanda gari mpaka Mikumi na kurudi na daftari. Muuza duka mmoja wa huko alikuwa amemwandikia maneno, Kisukuma upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Alisisitiza nikae nyumbani nikariri. Alisema mtoto wa kike hana kazi kwenye maboma ya watu. Nilishangaa, maana baba mdogo hakuwahi kujali hata kama nimekwenda shule. Nilikariri wiki mbili, nikaweza kutaja kila kiungo cha mwili wa ng'ombe, lakini Mama Kulwa alipopita njiani na mwenzake sikuambulia kitu. Baba akalitupa daftari juu ya dari na kuniambia niende nikanunue maziwa kwao kila asubuhi, nisiwe na haraka ya kurudi.

Kesho yake nikaenda. Mama Kulwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliitikia shikamoo yangu, kisha tangu siku hiyo akakataa kunisemesha Kiswahili. Alinipa kibuyu nitikise maziwa, akataja alichotaka, nikikosea ananyoosha kidole na kutaja tena. Asubuhi ilianza kwa mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, na maulizo marefu ya wazazi, ndugu na mifugo, na nisipoyamaliza yote sipewi kigoda. Hakuniuliza nimefuata nini. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu anayekufundisha lugha yake bure lazima ana lake. Mama yangu alinikataza kula chochote pale. Nilikula viazi vyao kila siku, na nyumbani nikasema sijala.

Mwezi wangu wa tatu kwao ulipoanza nilikuwa naelewa karibu kila kitu. Asubuhi moja Baba Kulwa alikaa mlangoni, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwake na kibuyu mapajani, akaanza kuzungumza na mkewe polepole, neno baada ya neno. Alisema baba mdogo wa mtoto huyu ndiye aliyewaongoza ng'ombe shambani, akavuka mstari wa mikonge akisema kote kumevunwa na kote ni kwake. Kwa fadhila hiyo alipewa mtamba, na mtamba huyo alikuwa amefichwa humo humo zizini mwao. Alisema aliapa kutomtaja, na hata angemtaja, mgeni hawezi kuaminiwa dhidi ya mwenyeji. Mama Kulwa akajibu kwamba labda mwenyeji mwingine atasema. Hawakunitazama hata mmoja wao. Niliendelea kutikisa maziwa mpaka mikono ikafa ganzi.

Jioni baba aliniita. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni yake, akichambua kunde.

"Wanasema nini hao?" baba akauliza.

Baba mdogo hakuinua kichwa, ila vidole vyake viliacha kuchambua. Nilimwogopa, na zaidi nilimwogopa baba na panga lililokuwa ukutani.

"Wanazungumzia mvua," nikasema.

Mkutano ulifanyika wiki hiyo. Nilikaa miongoni mwa wanawake. Mama Kulwa alinitazama mara moja tu, kwa muda mrefu, nami nikatazama miguu yangu. Yeye na mumewe waliamriwa kuhama kabla ya mvua za kwanza. Siku wanaondoka nilisimama njiani na kumwamkia Mama Kulwa mwangaluka. Akanijibu kwa Kiswahili, "Marahaba, mtoto. Wasalimie nyumbani," akapita.

Sasa naishi Mikumi, nina mgahawa mdogo kando ya barabara kuu. Binti yangu anajifunza Kiingereza kwenye simu. Inamsifia kila akipatia, na ameniuliza kama hiyo ni njia nzuri. Simu ile siiamini, lakini naona afadhali yake, maana haina shamba wala ndugu, na hakuna anayengoja binti yangu amsemee. Juzi wafanyabiashara wawili wa ng'ombe walikula kwangu, wakawa wanajadili kwa Kisukuma kama mama huyu ni mwaminifu au atawazidishia bei. Binti yangu akanong'ona, "Mama, hicho ni Kisukuma? Wewe unakijua?"

"Hapana," nikamwambia, nikawaongezea mchuzi.