Yule Mla Majani wa Ukutani Mugoma

Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, nikiwa sijaonja hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ukitaka usiniamini. Aliyekuwa nami hawezi tena kunishuhudia.

Mimi na rafiki yangu Sebo tulikuwa wachoraji wa kuta. Shule moja ya chekechea huko Mugoma ikatupa kazi ya kuchora dinosaria, yule wa shingo ndefu. Kitabu tulichopewa kilisema wazi kwamba alikula majani tu. Lakini mwenye shule akatuambia, "Huyu amepoa mno. Mtieni meno na damu, watoto wasisimke." Nilijua ni uongo. Nikachora.

Saa tisa alasiri, watoto wameshaondoka, akaja bibi mmoja mrefu, kajifunga kitenge, akasimama nyuma yetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akautazama ukuta kwa muda. "Huyu hakuwahi kula mtu. Mbona mnamsingizia?"

Sebo akacheka. "Kwani wewe ulimwona wapi?"

"Ni wa kwetu. Futeni hiyo damu, wajukuu zangu."

Unadhani nilifuta? Sebo akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akampaka bibi wa watu mdomoni. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Hakujifuta. Akauliza taratibu, "Sasa na mimi nimekula nani?" Kisha akaingia migombani, nyuma ya choo cha shule.

Hapo ardhi ikatikisika. Hatua moja, halafu nyingine. Migomba ikalala huku na huku, na juu kabisa tukasikia majani yakichanwa na kutafunwa, polepole, bila hasira. Tulipothubutu kwenda kuangalia, bibi hakuwepo. Tulikuta nyayo pana kama beseni, na migomba imebaki vigogo vitupu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa Kabanga, mpakani, tunakunywa chai karibu na wabadilisha fedha. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba ameibiwa simu, akamnyooshea Sebo kidole. Sebo hakuwa ameondoka pale tangu asubuhi. Nilisema "Siye huyu" mpaka sauti ikakauka, lakini nani angenisikiliza? Waliokuja mbio walikuja na fimbo. Simu ilionekana baadaye kwenye kikapu cha mwanamke yule yule, chini ya vitunguu. Sebo alikuwa ameshakufa.

Nilirudi Mugoma na kopo la chokaa nifute ile damu. Mwenye shule akanikatalia. Alisema watoto wanaipenda.

Siku hizi naandika majina ya maduka tu. Kila Jumapili mama yake Sebo hunisalimu kanisani, ananiuliza habari za wanangu. Sijamwambia habari za yule bibi, na sijui kama nitaweza.

Wewe unayenisoma, mzee usiyemjua akikwambia unamsingizia kiumbe, weka chini ulichoshika umsikilize. Wala usingoje kuona mwenzako atafanya nini.