Kichwa cha Mtamba wa Mama

Kila nikiitwa kumwangalia ng'ombe aliyepinda shingo, mkono wangu wa kwanza huenda nyuma ya sikio. Wafugaji wanadhani ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Wapi! Chuoni nilifundishwa vizuri tu, ila nilisikia nilichotaka kusikia. Sikio nilifundishwa na baba, na siku hizi nikilishika natamani awe amesimama pale zizini, mikono nyuma, ananitazama.

Mimi ni daktari wa mifugo, naishi Mandewa, Singida mjini. Mwaka wangu wa mwisho chuoni, mwalimu alimchoma mbuzi sindano pale fuvu linapokutana na shingo, akatoa matone ya maji ya ubongo kwenye kichupa. Yalikuwa maangavu, unaona hadi upande wa pili. Akatuambia ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji hayo, na ugonjwa ukiingia humo mara nyingi maji ndiyo yanayousema. Loo, nilipagawa! Tangu siku ile hata ng'ombe akichechemea, mimi niliwaza ubongo. Wenzangu walinicheka, nami nikajiona nimewazidi.

Nilikuwa na miezi michache kazini baba aliponipigia simu kutoka kijijini kwetu Misigiri. Mtamba anazunguka, akasema. Hakuhitaji kuniambia mtamba yupi. Mama alipofariki aliacha ng'ombe mmoja aliyekuwa akimkamua mwenyewe, na ng'ombe yule naye alipokufa aliacha ndama jike mmoja tu, ndiye huyo mtamba. Baba alikuwa akimsubiri azae. "Siku nikinywa maziwa yake," aliniambia wala hakuona haya, "nitakuwa bado nalishwa na mama yenu." Kila asubuhi alimsalimia mtamba kwanza, watu baadaye.

Nikaenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mwangalie mwenzako huyu."

Mtamba alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, anazunguka duara huko huko kushoto, macho yanacheza. Ilikuwa wiki ya tatu, kwa hiyo kichaa cha mbwa nilikiondoa. Angekuwa nacho asingefika siku ile. Nikatangaza: kuna fuko la maji kwenye ubongo. Mbwa wanakula vichwa vibichi vya kondoo, wanapata minyoo, mayai ya minyoo yanabaki kwenye majani, ng'ombe anayameza, na mnyoo mchanga unajenga fuko kichwani. Dawa yake kisu, achinjwe tu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. "Lakini anakula, mama," akasema. "Na sikio hili limelala. Tazama, la kulia analichezesha, la kushoto hata nzi hafukuzi."

"Baba, sikio ni mlango tu. Ugonjwa uko sebuleni."

"Si ungeanza basi kubisha hodi?"

Nikacheka. Nikammwagia maneno marefu ya mishipa ya fahamu, maana nilitaka aone kwamba hakunisomesha bure. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaenda kumfungua mtamba kamba. Alimpapasa shingo mpaka kisu kilipokwisha kunolewa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilibaki zima, akafa mtamba.

Kichwa nilikipasua mwenyewe, kwa shoka, nyuma ya nyumba, baba peke yake akiwa karibu. Utando ulipokatika, maji ya ubongo yalinimwagikia mkononi, maangavu vilevile kama ya yule mbuzi wa chuoni. Ubongo ulikuwa mzima. Nikalitafuta fuko kila upande, nikakata vipande vyembamba, hakuna kitu. Nikageukia sikio la kushoto. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba cha mfupa, na ndani zaidi kuna vijifereji vyenye maji yake, vinavyomwambia mnyama juu ni wapi na chini ni wapi. Maji hayo na ya ubongo ni majirani wa ukuta mmoja. Kichumba kilijaa usaha mzito kama maziwa yaliyoganda kibuyuni, na kwenye tundu la sikio kupe walikuwa wamebanana. Tiba yake ilikuwa kulisafisha sikio, na sindano za wiki kadhaa. Kazi ambayo ningeifanya nimefumba macho.

"Ni sikio, baba," nilimwambia.

Alichukua jembe.

Kwetu kichwa ni haki ya wazee. Akichinjwa ng'ombe wanapelekewa, wanakipasua wao wenyewe, wanakula ubongo na supu, na habari zote za kijiji zinachambuliwa hapo hapo. Baba alikizika kile kichwa, pamoja na ubongo wake na masikio yake. Wazee walipotuma mtu kukifuata, aliwajibu kwa mkato kwamba hakiliki. Nyama walipata, kichwa hapana, wakanuna na kusema amekuwa mchoyo uzeeni.

Mimi nilielewa kivyangu. Niliona amekizika kwa hasira, hataki kukiona tena, wala kuniona mimi niliyemkatia uzao wa ng'ombe wa mama. Nikapanda basi jioni ile ile.

Baada ya hapo alinipigia simu kila Jumapili. "Unakuja lini, mama?" Nami najibu, "Kazi, baba, kazi zimenibana." Uongo mtupu. Nililiogopa lile zizi. Nilimkumbuka mpaka chakula kinanishinda, naiwaza sauti yake ikiniita mama, lakini nilijiambia kwanza nipate mtamba wa kumpelekea, niingie pale na kitu mkononi. Na ajabu, wafugaji wa wilaya yetu ya Iramba waliendelea kuniita kama kawaida. Nikajiuliza kwa nini hawanikimbii.

Mwaka haujaisha vizuri, baba alianguka shambani akafariki siku ile ile.

Siku ya pili ya msiba alikuja kukaa karibu yangu mzee mmoja, rafiki wa baba tangu ujana wao. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mimi na baba yako tulinuniana sana kwa ajili ya kichwa kile. Mwezi uliopita tu ndipo aliponieleza. Aliniambia, 'Mwanangu alikosea, lilikuwa sikio. Mngekipata kichwa mngeona wenyewe, na nani angemwita tena hapa? Heri mniite mchoyo.'"

Nikamuuliza, "Hakunikasirikia?"

"Akukasirikie wewe?" Mzee alinishangaa kabisa. "Alikuwa akienda pale barabarani kila Jumamosi. Basi la kutoka Singida likisimama, anaangalia wanaoshuka mpaka wa mwisho."

Niliangua kilio, wanawake wakanikimbilia, wakidhani namlilia marehemu kama wao walivyokuwa wakimlilia. Karibu mwaka mzima nilikaa Mandewa nikimsubiri baba anisamehe. Kutoka Mandewa hadi Misigiri ni mwendo wa saa moja tu.