Misuko Yangu Mipya Mbele ya Watalii

Msinicheke kwanza. Asubuhi nilikuwa nimesuka nywele, na jua la Kamembe lilichoma kweli. Nilishuka pikipiki sokoni mbiombio, nikanunua ndimu za hoteli ninakofanya kazi, nikateremka kwa miguu hadi ziwani. Kila niliyepishana naye alinitazama akitabasamu. Nikajua ni misuko! Nikaongeza maringo. Jasho likanitiririka masikioni, nikalilaumu jua. Hotelini watalii wakaomba kunipiga picha, nami nikageuza shingo ili nionekane vizuri.

Mara akaingia motari, yule dereva wa pikipiki aliyenipeleka sokoni, anahema. “Maman, nimekutafuta soko muzima! Siwezi kubeba muntu bila kaske, polisi bako pale. Nirudishie!”

Nikainua mkono kuigusa misuko. Nikagonga kofia ngumu ya pikipiki, bado imefungwa kidevuni.