Hakuna Aliyeita Kutoka Ng'ambo

Cyril Pryke alianza kuvusha watu Mto Yarrel akiwa kijana mwenye nywele nyekundu, akaendelea mpaka kichwa kikabaki upara. Aliwavusha wakata matete, wauza kaa, maharusi na maiti. Upande wake, Sallow, hapakuwa na makaburi. Ardhi yote ni majimaji, shimo hujaa kabla hujaweka koleo chini. Kwa hiyo wafu wa Sallow walizikwa ng'ambo, Thornsey, chini ya ule mnara wa kanisa ambao mabaharia huutumia kuutambua mlango wa mto.

Na maiti hakuvushwa hivi hivi. Jeneza likishalazwa botini, boti ilitulia gatini mpaka mtu wa Thornsey apige kengele ya ng'ambo na kupaza sauti: "Mleteni!" Kumvusha mfu asiyeitwa kulikuwa sawa na kumwaga takataka kwa jirani. Wala hakuna aliyeombwa aje kuita. Msiba ukisikika, watu walikuja wenyewe, wanaume wamevua kofia.

Beryl, mkewe, alikuwa binti wa Thornsey. Siku ya harusi alivuka kwa boti hiyo, viatu mkononi. Cyril akiugua, ni yeye aliyeshika makasia. Mtu akiita "Boti!" kutoka ng'ambo, Beryl aliacha unga alioukanda akatoka mbio kwa mlango wa jikoni, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, akimtukana aliyeita kwa kumharibia mkate.

Novemba hii mapafu yalimshinda. "Usinipitishe barabarani, Cyril," alisema. "Nilikuja kwa maji. Unirudishe kwa maji."

"Nitakurudisha."

Kivuko chenyewe kilikwisha kufungwa miaka mingi nyuma. Nyumba za wavuvi wa Thornsey zimenunuliwa na watu wa London, wakazipaka rangi ya maziwa na kuzipa majina ya ndege ambao hata wakiwatua kichwani hawatawajua. Huja Agosti, Septemba wanafunga madirisha. Kengele ya kivuko wameitundika kwenye baa ya hoteli. Hugongwa kutangaza kinywaji cha mwisho. Cyril aliyajua yote hayo, aliambiwa mara nyingi. Lakini mtu huweza kuambiwa jambo na lisimwingie. Kichwani mwake, mabomba ya moshi ya Thornsey yalikuwa bado yanafuka.

Asubuhi ya mazishi maji ya bahari yalikuwa yamejaa vizuri mtoni. Walimlaza Beryl botini: Cyril, jirani yake Dennis Smy, na vijana wawili wa gari la maiti, ambao walishika jeneza huku wakiangalia viatu vyao.

"Haya, twende," alisema Dennis.

"Bado hawajaita."

Hazel, binti yao, alitazama ng'ambo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. "Baba, nani ataita?"

"Atatokea mtu."

"Mtu gani? Ulimwambia nani?"

"Hawaambiwi, mwanangu. Watu huja."

Wakangoja. Mvua nyembamba ilianza. Dennis alijaribu kutania, kama alivyozoea. "Beryl angekuwa mzima angekwisha kutupiga kasia la mgongo. Hakupenda kusubiri, yule."

Cyril alicheka kidogo.

"Nimpigie kasisi simu," alisema Hazel.

"Kasisi yuko kanisani na simu kaizima," Dennis akasema. "Ana mazishi matatu leo, vijiji vitatu. We Cyril, tazama maji. Yanatukimbia."

Maji yalikwisha kuuacha mstari wa magugu kwenye nguzo za gati. Cyril aliyaona. Aliyaona kabla ya wote. Mikono yake ilikuwa juu ya makasia, na haikwenda.

"Nitamrudisha kwao kama mtu aliyefukuzwa?" alisema. "Wasipomtaka?"

"Baba, ambao wangemtaka wako makaburini!" Hazel alilia. "Basi nitaita mimi. Nazunguka na gari. Ningoje."

Akaondoka kwa kasi. Barabara inapanda mpaka daraja la mjini, halafu inashuka tena. Mto ni mwembamba, lakini njia ya kuuzunguka ni ndefu. Alipofika, gati la Thornsey lilikuwa na lango la chuma lenye kufuli la namba. Alilipanda na nguo zake za msiba, akachana gauni, akasimama ukingoni.

"Mleteni!" Sauti yake ilifika wazi kabisa. "Baba! Mleteni mama!"

Cyril alivuta makasia kwa nguvu zake zote. Yalizama matopeni. Boti haikutikisika, ilikuwa imekwisha kukaa chini.

Dennis alisukuma mpaka akazama magotini. "Basi, ndugu yangu," alisema hatimaye. "Basi."

Beryl Pryke akaenda Thornsey kwa barabara, ndani ya gari jeusi, nyuma ya lori lililojaa beti, mizizi ya kutengenezea sukari.

Baada ya kuzika, Cyril alishuka peke yake hadi kwenye lile lango. Hakuwahi kusimama upande huo bila boti yake kumngoja chini. Maji yalikuwa yanarudi. Ng'ambo aliiona nyumba yake, ndogo, mlango wa jikoni umefungwa, na boti imelala ubavu.

Akakunja viganja mdomoni. "Boti!"

Ndege mmoja, sululu, aliruka kutoka matopeni. Hazel alikuja nyuma yake na koti. "Baba, unamwita nani tena?"

"Alikuwa anasikia," alisema Cyril. "Hata akiwa na mikono ya unga."

Hakutaka kuondoka. Alisimama mpaka maji yakaiinua boti, ikanyooka, ikavuta kamba na kuelekeza pua yake Thornsey. Kisha akautazama mlango wa jikoni.